Ndoo ya Mawe Yaliyovunjika

Jumatatu, 10 Machi

Maabara tangu asubuhi. Nimekata sampuli mpaka masikio yanalia. Mashine inatoboa bonge la mwamba na kutoa kijiti cha jiwe, kinene kama chupa ya soda. Nakisugua ncha zote mbili ziwe bapa, nakipima, nakiingiza kwenye press, mashine ya kubana, kibonyezwe mpaka kipasuke. Naandika namba. Kinachofuata.

Sheria ni moja: sampuli iwe nzima. Iliyovunjika haipimwi. Mwamba wa kijivu unatoka mzima, hata unang'aa. Ule wa kahawia, jivu la volkano la zamani, unavunjika kabla haujatoka kwenye bomba. Nimetupa wote kwenye ndoo. Ndoo imejaa. Mwangi, anayesimamia maabara, amelalamika tena kwamba chumba chake si jalala.

Kiprono amekuja jioni kuchukua namba aziingize kwenye kompyuta. Yeye ndiye nahodha wa timu. Njoki anashughulika na gharama na maneno. Mimi ni mawe. Sisi watatu basi. Mashindano yanataka kila chuo kichague machimbo halisi na kusanifu ukuta wa mwamba ambao hautaanguka. Sisi tumechagua pale Baba anapofanya kazi, nje ya mji. Ukuta wa pale ni kijivu juu, kijivu chini, na katikati ukanda mwembamba wa kahawia unaoinama kuelekea shimoni.

Kiprono akauliza, "Hii kahawia haina namba. Niweke nini?"

Nikamwambia aweke ya kijivu, aipunguze kidogo. Ukanda wenyewe ni mwembamba. Akaweka.

Meza yangu ni safi kuliko ya timu yoyote. Najua ni majivuno. Sijali.

Alhamisi, 13 Machi

Tumempelekea mwenye machimbo ripoti. Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano: atuachie tuchukue mawe yake, tumpe nakala. Watu wote humwita Director, hata mke wake. Akafungua ukurasa wa mwisho moja kwa moja. Hakusoma kitu kingine.

Sasa hivi anakata ukuta kwa ngazi tatu pana, na kila ngazi ni mwamba anaouacha bila kuuza. Hesabu yetu inasema ukuta unaweza kukatwa wima, ngazi moja tu. Akacheka kwa furaha, akampiga Kiprono bega. "Vijana, nyinyi mko na kichwa."

Njoki amenong'ona kwamba tukishinda fainali ya Naivasha tumepata attachment, nafasi za kujifunza kazi, sote watatu. Nimejisikia vizuri sana leo. Nimenunua chips nikala nikitembea.

Jumapili, 16 Machi

Nyumbani, mtaa wa Bondeni. Kanisani Baba amenishika mkono mpaka mlangoni na kunionyesha kwa watu ambao wamenijua tangu nikiwa na nepi. "Huyu ndiye injinia." Mchungaji amesalimiwa na injinia. Mama wa mboga amesalimiwa na injinia. Nilitaka ardhi inimeze na wakati huohuo nilitaka aendelee.

Baba Shiru amekuja chai, kama kila Jumapili. Anapakia mawe kwenye lori pale machimboni, Baba anaendesha mashine ya kuyakata. Mmoja wa Siaya, mwingine wa Elburgon, na wanagombana kuhusu ugali kama mke na mume. Akaniuliza kama ni kweli tulipasua mawe yake mpaka yakasema yana nguvu gani. Nikasema ni kweli. Akatikisa kichwa. "Kumbe jiwe linaongea."

Shiru, binti yake, yuko Karagita siku hizi, anafunga maua ya kuuzwa nje. Tulikaa dawati moja darasa la sita. Sijampigia tangu Krismasi. Nitampigia.

Jumatano, 26 Machi

Nimepita nyumbani kuchukua blanketi. Baba anacheka peke yake jikoni.

Director ameanza kukata wima. Upande wote wa mashariki. Wanaume walisimama, wakakataa kuingia chini ya ukuta ule, walisema hawajawahi kuona mwamba umekatwa kama mkate. Kazi ikalala nusu siku. Director akafoka, hawakusikia. Halafu Baba akawaambia, "Nyinyi mnaogopa nini? Mtoto wangu ndiye amepima." Akaingia wa kwanza na mashine yake. Wakamfuata.

Ameniambia hivyo akiwa ameshika sufuria, uso umejaa vumbi jeupe, meno yote nje. Sijawahi kuona mtu anajivunia kitu namna hiyo.

Nami nilijivuna. Naandika hapa kwa sababu ni kweli.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua imeanza. Jana ilinyesha bila kupumzika, na leo tena.

Mwangi alichoka na ndoo yangu, akaitoa nje ya mlango wa nyuma. Leo alasiri nimekwenda kuichukua niimwage. Sikukuta mawe. Nimekuta matope. Vipande vya kijivu, mabaki ya kukata ncha, vilikuwa chini, safi. Juu yake uji wa kahawia. Nimeingiza mkono, ukazama mpaka kwenye kifundo. Mawe ambayo wiki tatu zilizopita yalikuwa magumu mkononi mwangu.

Nilisimama pale mvua ikinipiga. Kichwa kilielewa kabla yangu.

Mimi nilipima yale tu yaliyokubali kupimwa. Yaliyokuwa dhaifu yalivunjika kwenye mashine, nikayatupa. Namba zangu zote ni za mwamba mzuri. Ule unaoshikilia ukuta hauna hata namba moja. Kuna makadirio niliyotoa kwa mdomo, nikitaka kwenda kula.

Baba yuko chini ya ukuta huo.

Jumatano, 2 Aprili

Sijalala. Asubuhi nimechukua bonge la mwisho la kahawia lililobaki kwenye gunia. Sikulitoboa. Nimelikata kwa msumeno mdogo, polepole, nikapata kipande kimoja cha mraba. Nimekiloweka kwenye beseni la maji. Kabla ya saa sita kilikuwa hakijulikani kilikuwa na umbo gani.

Nimewaita Kiprono na Njoki. Kiprono ameangalia beseni muda mrefu. Si mjinga. Ameona.

"Lakini brief, maelekezo ya mashindano, inasema tuchukulie ukuta ni mkavu."

"Ukuta hausomi brief, Kiprono."

"Akinyi, fainali ni Ijumaa. Ijumaa! Tumalize, halafu Jumatatu tunaenda kwa Director tunamwambia vizuri. Usituharibie."

Njoki alikuwa anatafuna kamba ya koti lake. Baadaye aliniambia kwamba kama nimeamua, nimwambie mapema abadilishe slaidi.

Nimekwenda kwa mwalimu wetu msimamizi. Amenisikiliza akisahihisha mitihani. Amesema ni uchunguzi mzuri, niuweke kwenye sehemu ya mapungufu ya utafiti, mistari miwili mitatu. Nikamwambia watu wanafanya kazi chini ya ukuta ule sasa hivi. Akainua macho. Akasema chuo hakikumpa mtu ruhusa ya kukata kitu, lile ni zoezi la wanafunzi, na kwamba nisiandike barua yoyote bila yeye kuiona.

Nimempigia Director. Mara ya tatu akashika.

"Madam, ripoti niko nayo hapa. Sahihi zenu tatu. Mlisema iko sawa. Sasa mvua kidogo imekuja haiko sawa?"

Nikasema ndiyo, haiko sawa, ni kosa langu. Akakata simu.

Nimemchukia. Kisha nimekumbuka kwamba sentensi ile aliyonisomea niliiandika mimi.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimekwenda machimboni mwenyewe.

Ukuta ni mrefu kuliko nilivyodhani kwenye michoro. Ukanda wa kahawia umekuwa mweusi, na unatoa maji. Si mengi. Yanateremka tu, kama jasho la mtu. Chini yake mashine ya Baba, reli zake, wanaume kumi na kitu, na kando kidogo kina mama wanagonga kokoto.

Nimeita watu wote. Nikawaambia kipimo kilikuwa na makosa. Nikawaambia watoke upande ule mpaka ukaushwe na kukatwa upya kwa ngazi.

Mmoja akacheka, akasema, "Kwani kile kipimo cha kwanza kilikuwa cha nini? Cha mapambo?" Wakacheka wote. Si kicheko kibaya sana. Ni kile cha watu waliochoka.

Baba hakucheka. Alikuwa amezima mashine. Alinitazama kama mtu anayetafuta mahali pa kuficha mikono yake. Mbele yao wote, wale aliowaambia mtoto wangu ndiye amepima.

Director akafika. Hakunigusa, hata hakupandisha sauti kwangu. Alimgeukia Baba. "Ouma, wewe ndiye umeniletea hii maneno. Kwanza ulisema ni sawa, sasa unaleta mtoto anaharibu kazi. Toka. Nyinyi wengine, mwenye anaogopa amfuate."

Hakuna aliyefuata. Kina mama waliinama wakaendelea kugonga. Sikuwalaumu. Kodi haiulizi hali ya mwamba.

Baba Shiru alitusindikiza mpaka barabarani. Akamshika Baba mkono, akakaa nao. Nikamwomba asirudi ndani. Nilimwomba kweli, nililia. Akasema, "Msichana wangu, nimekusikia. Nimekusikia vizuri. Lakini nikitoka leo, kesho nakula wapi? Acha mwezi uishe."

Na jambo ambalo sikulijua mpaka Baba aliponiambia tukiwa tumefika mjini: Baba Shiru ndiye mwingine peke yake anayejua kuendesha ile mashine. Baba ndiye aliyemfundisha.

Hayo ndiyo maneno pekee Baba amesema leo.

Ijumaa, 4 Aprili

Naivasha. Hoteli yenye nyasi zilizokatwa na ndege wanaotembea kama wageni waliolipa. Nilikuwa nimevaa viatu vya Njoki, vinabana.

Kiprono aliwasilisha michoro yake, mizuri sana. Alipofika kwenye jedwali la nguvu za mwamba akanipa kile kifaa cha kubadilishia slaidi bila kunitazama. Hakuniambia kabla. Nadhani mwenyewe hakujua mpaka sekunde ile.

Nikasema. Kwamba safu ya kahawia kwenye jedwali haikupimwa, namba yake niliitoa kichwani. Kwamba tulitupa mawe yote yaliyovunjika. Kwamba ukuta tuliousanifu utaanguka ukilowa, na kwamba umeshakatwa, na watu wako chini yake wakati tunaongea.

Majaji walitazamana. Mmoja, mzee mwenye kofia ya mwendesha baiskeli, akaanza kupiga makofi. Ukumbi wote ukapiga makofi. Jaji akasema hivi ndivyo injinia anavyopaswa kufikiri. Tumepata nafasi ya pili. Kuna cheti, kuna picha, ninaonekana ndani yake nikiwa na mdomo wazi.

Nimemfuata yule mzee nje. Nikamwuliza nani anaweza kufunga machimbo leo. Leo, si wiki ijayo. Akasema ataiandikia ofisi inayohusika. Akaandika jina la machimbo nyuma ya ratiba ya chakula cha mchana. Alikuwa mtu mwema, na sikuwahi kukasirishwa na mtu mwema namna ile.

Kiprono hajaniongelesha kurudi Nakuru. Njoki amelala begani kwangu.

Jumapili, 6 Aprili

Baba hakwenda kanisani. Ameketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni, anatazama maji yakipita kwenye mtaro. Nimepika. Amekula. Amesema asante kama mgeni.

Baba Shiru hakuja chai. Kikombe chake kilikuwa mezani, nimekiweka kwa mazoea, na hakuna aliyekiondoa.

Nilipiga simu kwake. Akasema wako salama, Director ameweka mtu wa kuangalia ukuta. Nikauliza anaangalia nini. Akasema, "Anaangalia tu." Tukacheka wote wawili. Hata mimi.

Leo machimbo yamefungwa, ni Jumapili. Hakuna mtu shimoni, hata mbwa. Nimepiga magoti kando ya kitanda na kuomba ukuta uanguke. Leo. Niliomba kwa nguvu kuliko nilivyoomba wakati Mama anaumwa.

Mvua ilikatika mchana. Jua likatoka, zuri kabisa.

Jumatatu, 8 Aprili (nimekosea, kumbe ni 7)

Ukuta bado umesimama. Nimemwuliza kijana wa boda anayepita kule.

Kama ungesimama milele ningekuwa mwongo na ningefurahi.

Jumanne, 8 Aprili

Nimekwenda kwenye ofisi ya kaunti. Nimezungushwa kutoka mlango hadi mlango. Katika mlango wa mwisho dada mmoja mpole akasema afisa yuko field, kazini nje ya ofisi, nirudi Alhamisi. Nikakaa kwenye benchi mpaka wakafunga. Sijui nilikuwa namngoja nani.

Mvua tena.

Jumatano, 9 Aprili

Umeanguka. Kabla ya chakula cha mchana.

Wanaosimulia wanasema haukutoa onyo, isipokuwa kina mama walisikia kama mtu anavuta godoro. Wakakimbia. Wapakiaji walikuwa kwenye lori upande wa pili. Wote salama. Isipokuwa mwenye mashine, kwa sababu mashine ina kelele na mwenye kuiendesha huwa ameupa ukuta mgongo.

Baba alikwenda kabla yangu. Nilimkuta amepiga magoti kwenye matope anachimba kwa mikono, pamoja na wale wote waliocheka Alhamisi. Hakuna aliyenitazama vibaya. Hakuna aliyenitazama kabisa. Nikapiga magoti nikachimba. Ilikuwa laini. Kahawia. Iliingia chini ya kucha zangu kama ilivyoingia siku ile ya ndoo.

Walimtoa jioni. Baba alivua koti lake, akamfunika.

Alhamisi, 10 Aprili

Director amewaonyesha polisi ripoti yetu. Ameichapisha upya, kwa rangi. Chuo kimesema lilikuwa zoezi la darasani. Tumeitwa kesho kuandika maelezo, sote watatu.

Kiprono amepiga simu. Alilia muda mrefu, kama mtoto, bila aibu. Akasema, "Ningekusikia Jumatano ile." Nikamwambia hata angenisikia Jumatano, ukuta ulikuwa umeshakatwa. Hiyo ni kweli. Na kama ningekuwa na akili mwezi uliopita ungekuwa haujakatwa. Hiyo pia ni kweli, sikumwambia.

Cheti kiko chini ya godoro. Siwezi kukitazama na siwezi kukichana.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimeandika maelezo. Afisa alitaka niseme kwa kifupi. Nikasema: nilipima mawe yaliyobaki mazima. Akauliza, "Na mengine?" Nikasema niliyatupa. Akaandika hivyo.

Jumanne, 15 Aprili

Elburgon. Baridi, na harufu ya mbao mbichi kila mahali. Tumemzika Baba Shiru nyuma ya nyumba ya mama yake, ukingoni mwa shamba la viazi. Udongo wa kule ni mwekundu na mzito, hauporomoki. Waliomchimbia walikata kaburi wima, likasimama vizuri.

Shiru alinikumbatia. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa; angenitukana ningepona kidogo. Akasema, "Baba alinipigia Jumapili. Aliniambia umewaonya. Alisema mwezi ukiisha anatoka." Akanishika mikono, akaitazama, akauliza kama nimekula.

Baba ndiye aliyechaguliwa kuongea kwa niaba ya wafanyakazi wenzake, ingawa si mfanyakazi tena. Aliongea kidogo. Ugali, chai ya Jumapili, jinsi marehemu alivyojifunza mashine haraka. Alipofika pale kwenye mashine akasimama, akakunja kofia yake, akaketi.

Baada ya mazishi, wazee wa kule walikuwa wanasalimiana nasi kwenye mstari wa chakula. Mmoja akanishika mkono, hajui chochote, mzee wa watu, akamwuliza Baba, "Huyu ndiye yule injinia wako marehemu alikuwa anatuambia?" Maana Baba Shiru naye alikuwa anajivunia mimi huku. Sikujua hilo.

Baba alinitazama. Sikuona hasira. Alionekana kama mtu aliyechoka kubeba kitu na hajui akiweke wapi.

"Huyu ni Akinyi," akasema. "Msichana wangu."

Tukapewa sahani. Tulikula tumesimama, mimi na yeye, karibu na ua. Baadaye nikawasaidia kina mama kuosha vyombo.